Mbuyu ni mmoja au ni wawili? Jibu kwa aliyechoka na majina mapya ya mimea

"Shikamoo Daktari. Niko kwenye kikundi cha akina mama wilayani Chamwino, Dodoma. Tunaotesha miche ya mibuyu na kuuza ubuyu. Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana wa mradi akatuambia mibuyu yetu ya huku juu si ule mbuyu wa kawaida, ni spishi mpya inaitwa Adansonia kilima, akatushauri tuandike hivyo kwenye vifuko vya mbegu. Tukachapisha lebo 500. Mwaka huu binti yangu anayesoma chuo kaniambia spishi hiyo imeshafutwa. Mgunga nao tulifundishwa shuleni kuwa ni Acacia, sasa anautaja kwa jina lingine. Nimeanza kuamini hawa watu wa mimea wanajitungia majina wapate vyeo, huku mti ni uleule alionionyesha bibi yangu. Nikisikia tena 'spishi mpya imegunduliwa', kwa nini niamini? Na lebo zangu nizifanyeje? Halafu kuna mti mmoja kwenye kilima nyuma ya kijiji. Wazee wanaujua kwa jina la Kigogo, lakini bwana misitu hakuupata kwenye kitabu chake. Naogopa hata kuuliza."

Marahaba, dada yangu, na pole kwa lebo. Kikundi kinachohesabu kila shilingi kina haki ya kukasirika kikitupa lebo 500, na sitakuambia kwamba umeelewa vibaya kila kitu. Mahali pengine umeelewa vizuri kabisa. Shida ni kwamba mashaka yako umeyamwaga kote, mpaka mti wa nyuma ya kijiji unaogopa kuuulizia. Nataka tuyaelekeze panapostahili.

Lebo kwanza, kwa kuwa hizo ndizo zinazouma. Andika Adansonia digitata. Chini yake andika jina la kijiji mbegu zilipookotwa, mwinuko wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari, na mwaka. Kama lebo za zamani bado mnazo, bandikeni karatasi juu ya jina tu, msitupe kifuko. Huo mstari wa kijiji na mwinuko usiuone mdogo, nitaurudia.

Sasa hadithi yenyewe. Mwaka 2012 timu ya watafiti ilichapisha makala kwenye jarida la Taxon, ikisema barani Afrika kuna mbuyu wa pili. Wakauita kilima, neno letu wenyewe. Walisema unaota kwenye miinuko ya wastani, kati ya mita 650 na 1,500, una maua madogo kuliko ya mbuyu wa kawaida, chavua yake ni tofauti, na kubwa zaidi, kromosomu zake ni nusu ya zile za mbuyu tuliouzoea. Jina likapokelewa, likaanza kutembea. Kufikia 2015 kuna waliokuwa wakiutafuta mbuyu huo Zimbabwe kwa kupima sura za miti. Kijana wa mradi aliyekuja kwenu hakukudanganya. Alikuletea kilichokuwa kimeandikwa wakati huo. Kosa lake ni kuwashauri mchapishe lebo kwa habari ambayo ilikuwa bado mbichi.

Kwenu Dodoma ardhi iko kwenye mita 1,100 hivi. Ukikichukua kigezo cha mwinuko peke yake, basi karibu kila mbuyu unaouona kuanzia Chamwino hadi mjini ungegeuka kuwa kilima kwa siku moja, bila mtu kupanda juu kukagua hata ua moja. Mwinuko unaonyesha mti umeota wapi. Hauonyeshi ni mti gani.

Kromosomu ndicho kigezo kilichonifanya hata mimi nikae wima niliposoma makala ile, na nadhani ukikielewa utaona watu wale hawakuwa wakitafuta vyeo tu. Kila chembe ya mmea hubeba maelekezo yake ya urithi katika nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, na nyuzi hizo hukaa kwa seti. Fikiria kahawa. Robusta ya Kagera ina kromosomu 22, yaani seti mbili. Arabika ya Kilimanjaro ina 44, seti nne. Ukichavusha moja kwa nyingine, mtoto atakayepatikana atakuwa na seti tatu, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa mmea unapotengeneza chembe za uzazi. Mara nyingi mti wa namna hiyo hauzai mbegu za maana. Seti tatu hizo hizo ni moja ya sababu ndizi za Bukoba hazina mbegu. Kwa hiyo miti miwili ikitofautiana kwa idadi ya seti, hata kama inafanana kwa macho, ina ukuta kati yake. Hiyo ni sababu nzito ya kuitenganisha kuwa spishi mbili.

Na mbuyu una historia ya kuvutia hapo. Duniani kuna spishi nane za mbuyu zinazokubalika: sita za Madagaska, moja ya Australia, na huu wetu wa Afrika bara. Hizo saba nyingine zina seti mbili. Wetu peke yake ndio wenye seti nne. Sasa mtu akija na habari kwamba Afrika kuna mbuyu wenye seti mbili, anakuambia huenda amemwona ndugu wa mzazi wa mbuyu wetu, akiwa bado hai, akisimama kando ya barabara. Ungekuwa mtafiti, ungenyamaza?

Habari kubwa namna hiyo lazima wengine waijaribu, na ikajaribiwa. Timu nyingine ilipima upya vigezo vilevile: ukubwa wa maua, majani, chavua, vinasaba, na idadi ya seti. Mwaka 2016, katika jarida lile lile la Taxon, wakaandika kwamba hawaoni spishi ya pili. Miti iliyodhaniwa kuwa kilima ilikuwa na seti nne kama mingine yote. Vipimo vya maua na chavua viliingiliana, bila mstari wa kukata. Jina kilima likawekwa chini ya digitata kama kisawe.

Maneno "viliingiliana, bila mstari" nisiyapite haraka, maana makosa mengi ya kugawa spishi yanazaliwa hapo. Panda kilima chenu kutoka bondeni. Ukipima majani ya vichaka vya chini kabisa, kisha ukafumba macho mpaka kileleni ukapima tena, utaapa kwamba umeona vitu viwili. Lakini ukipita njia nzima ukipima kila hatua hamsini, utakuta majani yanapungua kidogo kidogo, na hakuna mahali utakapoweza kuchora mstari. Mtafiti mwenye sampuli chache, tena kutoka ncha mbili, mara nyingi huona pengo ambalo amelitengeneza mwenyewe kwa kutopita katikati.

Mbuyu ni mgumu zaidi kwa hilo. Ua lake hufunguka jioni, popo hulitembelea usiku, na kesho yake linaanza kunyauka na kudondoka. Niliwahi kukaa chini ya mbuyu mmoja kabla jua halijatoka, na rula na daftari mapajani. Nikaokota maua kumi yaliyoanguka usiku ule ule, nikanyoosha petali kila moja juu ya karatasi. Nyeupe ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai pembeni, na harufu yake kali imeshaingia mikononi. Ua kubwa lilizidi dogo kwa upana wa vidole viwili vyangu. Mti mmoja, usiku mmoja. Tangu siku ile, mtu akiniambia ametofautisha mibuyu kwa ukubwa wa ua, swali langu la kwanza ni amepima maua mangapi kwa kila mti.

Bibi yako alikuwa sahihi basi? Kuhusu mbuyu, ndiyo. Lakini wazee wetu wanatofautisha hata ndani ya mbuyu mmoja: huu unga wake mtamu, ule mkali, ule hauzai na unaitwa dume. Tofauti hizo ni za kweli na zina faida sokoni. Si tofauti za spishi. Ndiyo maana nimekuambia kijiji na mwinuko viandikwe kwenye kifuko. Mteja anayepanda mbegu za mwinuko wenu, zilizozoea mvua zenu chache, ananunua kitu ambacho jina la Kilatini haliwezi kumwambia. Na siku mtafiti mwingine akija na swali jipya kuhusu mibuyu, kifuko chenye mahali pa asili kitakuwa na maana kwake. Kisicho na mahali ni mbegu tu.

Binti yako alisema spishi "imefutwa". Mpe pongezi kwa kufuatilia, ila msahihishe kidogo. Hakuna aliyeifuta, na hakuna mwenye mamlaka ya kuifuta. Watu wengi wanadhani kuna baraza mahali fulani Ulaya linaloidhinisha spishi kwa kupiga muhuri. Halipo. Kuna kanuni za kimataifa zinazosema jina la mmea litolewe vipi: lichapishwe mahali panapokubalika, liwe na maelezo ya kutofautisha, na liegemezwe kwenye sampuli moja iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria, yaani makabati ya mimea iliyokaushwa, ili mtu yeyote aweze kwenda kuiangalia. Ukitimiza hayo, jina lako ni halali. Halali hapa maana yake limeandikishwa, haina maana kwamba ni kweli. Kama mti huo kweli ni spishi yake peke yake, hilo ni dai, na kila mtaalamu anayefuata ana ruhusa ya kulikubali au kulikataa kwa ushahidi. Jina kilima bado liko kwenye kumbukumbu na litabaki humo. Siku mtu akileta mbuyu wa Afrika wenye seti mbili, unaolingana na sampuli ile ya msingi, jina litaamka.

Kwa hiyo ukisikia "spishi mpya imegunduliwa", moyoni mwako sikia "kuna watu wamedai, na wameweka ushahidi wao mezani". Kuanzia hapo ndipo unapouliza.

Mgunga ni kesi nyingine kabisa, na nasikitika kwamba umeuchanganya na mbuyu, ingawa siwezi kukulaumu. Pale hakuna aliyedai mti mpya. Jenasi ya Acacia, yaani kundi la spishi zinazoshiriki jina hilo la kwanza, ilikuwa kubwa mno, na ushahidi wa vinasaba ukaonyesha kwamba imekusanya koo kadhaa zisizo ndugu wa karibu. Hata wewe unaweza kuziona koo mbili za kwetu kwa macho. Tazama migunga yenye miiba mirefu myeupe, imenyooka, imekaa miwili miwili kwenye kila fundo. Halafu tazama ile yenye miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, inayokunasa shati usipoangalia. Ya kwanza sasa ni Vachellia, ya pili ni Senegalia. Mgawanyiko huo ni wa kweli na ninaukubali.

Kilichopigiwa kura ni nani abaki na jina Acacia. Kwa kanuni, jina lilipaswa kubaki na mti uliokuwa kielelezo chake, na huo ulikuwa mgunga wa huku kwetu, ule unaoota toka Afrika hadi Asia. Lakini Australia ina spishi karibu elfu moja za ukoo wake, zote zingelazimika kubadilishwa. Wakaomba kielelezo kihamishwe kiwe mti wa kwao. Kongamano la kimataifa la botania la Vienna la 2005 likakubali, na lile la Melbourne la 2011 halikubatilisha. Hoja ya wingi naielewa. Hata hivyo nasema wazi, mimi nilikuwa upande wa waliotaka jina libaki Afrika, na bado naona hatukusikilizwa vya kutosha. Lakini ugomvi huo ni wa umiliki wa neno. Mti na miiba yake havikuhusika.

Sasa shutuma yako ya vyeo. Sitaikwepa. Kutoa jina la spishi mpya kunampa mtafiti makala, jina lake huandikwa baada ya jina la mmea milele, na magazeti hupenda neno "mpya" kuliko neno "uleule". Kuna wanaogawa kwa haraka kwa sababu hiyo. Pia kuna hulka tu: wapo wagawaji, ambao kila tofauti kwao ni ukuta, na wapo waunganishi. Mvutano wao unaweza kuendelea vizazi. Mfano ni lile ua dogo la zambarau la Saintpaulia, linalopamba madirisha ya watu duniani kote, ambalo mbegu zake zilitoka Usambara mwishoni mwa karne ya 19 na likapewa jina mwaka 1893. Kufikia katikati ya karne ya 20 lilikuwa limegawanywa spishi karibu 20. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja akapitia upya akabakiza sita, nyingine nyingi akazishusha kuwa nususpishi. Baadaye, 2015, jenasi nzima ikaingizwa ndani ya Streptocarpus. Wakulima wa maua hayo walilalamika kama wewe.

Lakini hapo pana jambo ambalo nakuomba ulibebe na uzito wake. Baadhi ya maua yale yanaota kwenye miamba michache tu yenye kivuli. Likiitwa spishi, linapata nafasi yake kwenye orodha za viumbe walio hatarini, na mtu anayetaka kukata msitu ule anaulizwa maswali. Likiunganishwa na lingine lililoenea, maswali hupungua. Kuunganisha kwa makosa kunaua kimya kimya. Kwa hiyo usidhani kwamba anayekataa kila spishi mpya ndiye mwangalifu zaidi. Naye anaweza kukosea, na kosa lake halirudishiki.

Mwaka 2025 lilitolewa jina Tessmannia princeps kwa mti mkubwa wa misitu ya Udzungwa, unaofika mita 40, kichwa chake kikitokeza juu ya miti mingine. Katika walioutambua kuwa hauko vitabuni ni wataalamu wazawa wa huko, Aloyce na Ruben Mwakisoma. Miti mikubwa iliyojulikana ilikuwa ni kama mia moja tu, kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji. Mti wa mita 40 unaweza kusimama miaka yote hiyo bila jina kwenye vitabu. Ulilinganishwa na ndugu zake, una tofauti kadhaa zinazoambatana pamoja, na sampuli zipo. Mimi naukubali. Mtu akileta ushahidi kinyume, nitausoma.

Basi ukisikia habari ya spishi mpya, uliza hivi. Wamepima miti mingapi, na imetoka wapi: ncha mbili tu au njia nzima? Tofauti ni moja, au ziko kadhaa na zinakwenda pamoja? Waliangalia sampuli za zamani za ndugu wa karibu, au walitazama mti wao peke yake? Na je, kuna mtu wa nje ya timu aliyeujaribu? Kwa mbuyu wa 2012, jibu la swali la mwisho lilikuwa "bado". Hilo peke yake lingetosha kuokoa lebo zenu. Kwa kazi ya kuchapisha kitu cha kudumu, subiri miaka mitatu au minne baada ya jina jipya kutoka, kisha mwombe binti yako alitafute kwenye orodha ya mimea ya dunia ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, iko wazi mtandaoni. Humo utaliona kilima limewekwa chini ya digitata.

Sasa mti wa nyuma ya kijiji, na hapa ushauri wa kwenye maandishi haufai tena. Lazima mtu mwenye sampuli mkononi auangalie. Nikuambie ukweli mapema: uwezekano mkubwa ni kwamba ni spishi inayojulikana, ila haimo kwenye kitabu kimoja cha bwana misitu. Vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vilikamilika mwaka 2012 baada ya zaidi ya miaka 60 ya kazi, vina spishi zaidi ya 12,000, na hakuna ofisi ya wilaya inayoweza kuvibeba vyote kwenye begi. Hata ikiwa ni unaojulikana, kuupata Chamwino kunaweza kuwa habari mpya.

Zungumza na wazee kwanza, hasa kama mti una mambo ya tambiko. Wakiridhia, ngoja uchanue au uzae. Majani peke yake mara nyingi hayatoshi kuutambua. Kata kijitawi cha urefu wa mkono chenye majani na maua, kilaze katikati ya kurasa za gazeti kavu, jani moja likigeuzwa upande wa chini uonekane. Bana kwa mbao mbili na mawe, badilisha gazeti kila siku mpaka kikauke. Tengeneza vitatu, viwili vya kupeleka na kimoja cha kwenu. Maua mengine weka kwenye chupa yenye spiriti, maana yakikauka yanapoteza umbo. Andika papo hapo vitu ambavyo ukavu utaviiba: rangi ya ua, harufu, utomvu ni mweupe au mwekundu, urefu wa mti, gome likoje, ardhi ikoje. Andika jina la Kigogo kama wazee wanavyolitamka, na wanautumia kwa nini, kama wenyewe wanakubali liandikwe.

Peleka hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha. Omba sampuli iandikishwe kwa jina la aliyeichuma na kijiji chenu. Akija mgeni anayetaka kuchukua mbegu, mizizi au gome, mwambie akuonyeshe kwanza kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na barua ya serikali ya kijiji. Asipokuwa navyo, hakuna hata jani linaloondoka. Na mahali ulipo mti usipaweke mtandaoni kabla haujatambuliwa, kwa sababu mti ukisemekana ni adimu, wapo watakaofika na panga kabla mtaalamu hajafika na lenzi.

Mibuyu yenu itakuwa inachanua mvua zikikaribia. Mkiwa tayari kilimani kwa ajili ya huo mti, chukueni na rula, mpite chini ya mibuyu mitatu asubuhi na mapema, mpime maua kumi kumi yaliyoanguka na muandike upana wa petali, mbuyu upi, kijiji gani, mwinuko gani. Nitumie hayo madaftari hata yakiwa na matope.